Kuchagua vifaa vya kuchujia maji ya tangi la samaki wa baharini nyumbani

Kichujio kinachonasa uchafu bado hakijauondoa. Hilo ndilo la kuelewa kabla ya kununua chochote, kwa sababu matangi mengi ya maji ya chumvi yanayoharibika hayakukosa vifaa. Yalikuwa na vifaa vilivyojaa uchafu ambao hakuna aliyeutoa. Kinyesi kilichokwama kwenye sponji bado kimo majini: maji yanapita juu yake usiku na mchana, bakteria wanakivunjavunja, na kila kilichokuwemo kinarudi kwa samaki kikiwa kimeyeyuka. Kwa hiyo kila kifaa kinachotajwa hapa kiulizie maswali mawili. Kinaufanyia nini uchafu? Na mkono wako utaufikia vipi ili uutoe?

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua. Chakula kilichobaki na kinyesi huoza na kuongeza nyingine. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia ni sumu kali, na kwenye maji ya chumvi ni kali zaidi kuliko kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) kwa kuwa pH ya maji haya ni ya juu, 8.0 hadi 8.4. Kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa katika umbo linalopenya mwilini mwa samaki. Nitrati ina sumu ndogo, lakini hujilimbikiza. Samaki wengi huvumilia hadi miligramu 30 au 40 kwa lita. Matumbawe hustawi zaidi kati ya 2 na 10. Fosfati nayo huingia na chakula, na kwenye tangi la matumbawe lengo la kawaida ni miligramu 0.03 hadi 0.1 kwa lita.

Kuna jambo jingine ambalo wanaohamia kutoka maji baridi hulisahau: maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, maji baridi yaliyojaa hewa hubeba takriban miligramu 8.3 kwa lita, ya bahari 6.8 hivi. Mfumo wa kuchuja ukizimika, samaki hukosa hewa kabla hawajadhurika na amonia. Ndiyo maana kifaa kinachochanganya maji na hewa kina thamani hapa kuliko kwenye tangi la maji baridi.

Pima kwanza, nunua baadaye

Pata ujazo wa tangi kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 ni lita 250. Toa nafasi ya mawe, mchanga na sehemu ya juu isiyojazwa, utabaki na lita 210 hivi za maji. Tutatumia tangi hili kama mfano hadi mwisho.

Halafu amua nani ataishi humo. Samaki watupu, hasa wakubwa wanaokula nyama, huchafua sana lakini huvumilia nitrati. Matumbawe laini na samaki wachache wadogo huchafua kidogo na hupenda maji yenye virutubisho kiasi. Matumbawe magumu yenye vitawi vidogo hutaka maji safi, mkondo mkali na mabadiliko machache. Usinunue skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) kwa sababu sanduku lake limeandikwa lita 300 kabla hujajua unafuga nini kati ya hao, maana tangi la lita 210 lenye samaki wawili wakubwa huzalisha uchafu mwingi kuliko la lita 400 lenye samaki wadogo watano.

Mawe hai ndiyo kichujio chako kikuu

Jiwe la matumbawe lenye vitundu lina eneo kubwa la kukaa bakteria kuliko kifaa chochote utakachofunga ukutani mwa tangi. Upande wa nje wenye oksijeni hukaa wale wanaogeuza amonia na nitriti. Ndani zaidi, oksijeni inapokwisha, hukaa wengine wanaogeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka majini. Lee Chin Eng wa Indonesia aliueleza ufugaji wa kutegemea mawe hai na hewa tu mwaka 1961, na baadaye wafugaji wa Berlin wakaongeza skima. Mchanganyiko huo wa mawe na skima bado ndio msingi wa matangi mengi mazuri.

Kipimo cha zamani ni gramu 120 hadi 240 za mawe kwa kila lita. Mawe mepesi yenye vitundu vingi yanatosha kwa kiwango cha chini. Kwa tangi letu, kilo 20 hadi 25. Ukiyarundika hadi juu, maji hayapiti katikati, uchafu hutuama nyuma, na mkono haufiki. Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya mawe na kila kioo, na yapange kwa matao ili mkondo upite chini.

Mawe makavu ni salama zaidi kwa maana hayaleti wadudu wasiotakiwa, ila huanza bila bakteria na mengine huwa na fosfati ndani. Yaloweke kwenye maji safi ya RO (yaliyochujwa kwa utando mwembamba; kifaa chake kinaelezwa mwishoni) kwa wiki moja, pima fosfati ya maji hayo, na kama imepanda, badilisha maji urudie. Kisha ndani ya tangi weka kloridi ya amonia hadi kipimo kionyeshe miligramu 2 kwa lita. Tangi liko tayari pale amonia hiyo na nitriti vyote vinaposhuka hadi sifuri ndani ya saa 24. Kwa kawaida huchukua wiki tatu hadi sita. Usipime nitrati wakati nitriti bado ipo, kwa sababu nitriti huvuruga kipimo cha nitrati na kuonyesha namba kubwa isiyo ya kweli.

Ukishakuwa na mawe ya kutosha, huhitaji mipira ya plastiki wala vigae vya bakteria ndani ya kichujio cha kopo. Havina ubaya vikiwa safi, ila hunasa uchafu mahali usipouona.

Skima: inatoa uchafu kabla haujaoza

Kati ya vifaa vyote vya umeme, hiki ndicho cha kufikiria kwa makini. Skima hupuliza viputo vidogo sana ndani ya mnara wa maji. Protini, mafuta na takataka nyingine zinazopenda kushikana na uso wa kiputo hupanda navyo, povu hukusanyika shingoni, likamwagikia kwenye kikombe ambacho unakimwaga. Uchafu umetoka majini kabla ya kuwa amonia. Hakuna sponji inayoweza kufanya hivyo. Na kwa kuwa hewa nyingi inapita humo, skima ndiyo inayoingiza oksijeni nyingi zaidi kwenye mfumo. Haifanyi kazi kwenye maji baridi kwa sababu viputo vyake huungana na kuwa vikubwa. Chumvi ndiyo inayoviweka vidogo.

Watengenezaji wengi huandika ujazo wa aina mbili au tatu: kwa uchafu mdogo, wa kati na mwingi. Angalia ule wa uchafu mwingi, na uhakikishe unafikia ujazo wako wote, pamoja na maji ya tangi la chini (sampu, inaelezwa mbele) linalokaa kabatini na kubeba skima. Ikiwa sanduku lina namba moja tu, ihesabu kuwa ni ya uchafu mdogo na uchague skima yenye namba mara 1.5 hadi 2 ya ujazo wako. Kwa lita 210 za tangi na 50 za chini, tafuta iliyoandikwa lita 400 hadi 500. Usipitilize zaidi ya hapo. Skima kubwa mno kwenye tangi lenye samaki watatu haipati uchafu wa kutosha kushikilia povu shingoni. Povu hupanda dakika kumi, likaanguka, na kikombe hubaki kikavu wiki nzima.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo haya manne. Eneo la chini la skima pamoja na pampu yake liingie kwenye chumba ulichonacho ndani ya tangi la chini. Kimo chake kiingie ndani ya kabati, na juu pabaki nafasi ya kukitoa kikombe bila kuhamisha skima nzima. Kasoro hii hugunduliwa baada ya kila kitu kufungwa. Kina cha maji kinachotakiwa, mara nyingi kati ya sentimita 18 na 25, kilingane na chumba chako. Na pampu yake ifunguke kwa mkono ili ufikie rota, sehemu inayozunguka ndani.

Kina cha maji kinastahili msisitizo. Maji yakipanda sentimita mbili nje ya skima, yanapanda na ndani, na povu jembamba lililojaa maji hujaza kikombe kwa saa moja. Yakishuka, haitoi kitu. Kwa hiyo skima hukaa kwenye chumba ambacho ukuta wake unashikilia maji kwenye kimo kilekile; chumba cha pampu ya kurudisha maji tangi la juu hakifai, kwa sababu huko ndiko maji hupanda na kushuka kadiri yanavyovukiza. Kama chumba ni kirefu mno, inua skima kwa kipande cha plastiki ngumu au kata za bomba la PVC.

Skima mpya husumbua wiki moja hadi mbili. Plastiki yake ina mabaki ya mafuta ya kiwandani yanayovunja povu, kisha siku nyingine hutoa viputo vingi mno. Fungua koki yake kabisa siku za mwanzo ili isifurike, halafu ifunge kidogo kidogo, ukisubiri siku moja kati ya kila badiliko. Mpaka wa viputo na povu uwe kwenye sehemu ya chini ya shingo. Kimiminika chenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kikiwa cheupe kama maji, unamwaga maji ya chumvi bure; kikiwa tope jeusi linalogandana shingoni, skima haifanyi kazi kubwa, na utando wenyewe huzuia povu kupanda.

Futa shingo kila baada ya siku tatu hadi tano. Mwezi mara moja pitisha maji ya moto kwenye mpira wa hewa, kwa sababu chumvi hukauka kwenye mdomo wake na kuuziba polepole. Dalili ni viputo kupungua huku pampu ikinguruma sawasawa. Baada ya miezi mitatu au minne, izamishe pampu kwenye siki iliyochanganywa na maji kwa saa moja, uisugue rota kwa mswaki. Gundi ya epoksi ya kubandikia matumbawe, dawa kadhaa za samaki, na baadhi ya dawa za kusafisha maji huifanya ifurike ghafla: izime au ondoa kikombe saa hizo. Chakula chenye mafuta na mkono wenye losheni hufanya kinyume, povu huanguka kwa saa kadhaa kisha hurudi lenyewe.

Matangi chini ya lita 75 hivi yanaweza kuishi bila skima kabisa. Kubadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki hutoa uchafu mwingi kuliko skima ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya matangi hayo, ambazo nyingi zina kelele na haziaminiki.

Tangi la chini, na maji ukutani siku umeme ukikatika

Sampu, yaani tangi la pili linalowekwa chini ndani ya kabati, huongeza ujazo wa maji, huficha vifaa, na huweka kila kitu mahali pa kufikiwa. Kama kabati lako linaruhusu, liweke. Lenye ujazo wa asilimia 20 hadi 30 ya tangi la juu linatosha kwa kazi. Lakini ukubwa wake wa chini haupangwi na vifaa. Unapangwa na maji yatakayoshuka pampu ikisimama.

Hesabu yake ni hii. Uso wa tangi letu ni sentimita 100 kwa 50, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 5. Pampu ikizimika, maji hushuka hadi kwenye ukingo wa sanduku la kufurikia, pale maji ya juu yanapoingilia kushuka, tuseme sentimita 3: lita 15. Ongeza yaliyomo kwenye sanduku na mabomba, lita 8 hivi. Ukiwa umezamisha mdomo wa bomba la kurudisha sentimita 10 chini ya uso, maji yatavutwa kinyumenyume hadi mdomo upate hewa, na hizo ni lita 50 badala ya 15. Weka mdomo sentimita 1 au 2 tu chini ya uso. Vali ya kuzuia maji kurudi isiwe tegemeo lako. Kiganda cha konokono au ukoko wa chokaa hutosha kuizuia isifunge. Kitundu kidogo kinachotobolewa chini kidogo ya uso wa maji nacho husaidia, ila mwani hukiziba, kwa hiyo kisafishe.

Mfano wetu unataka lita 25 hadi 30 za nafasi tupu kwenye sampu wakati kila kitu kinafanya kazi. Sampu ya lita 80 yenye maji 50 inatosha. Kisha jaribu kabla ya kuweka chumvi na samaki:

1. Jaza mfumo kwa maji ya kawaida, washa pampu, subiri dakika kumi maji yatulie.
2. Weka alama ya kalamu kwenye kioo cha sampu, juu ya maji ya chumba cha pampu.
3. Zima pampu. Maji yakiacha kushuka, yapimie umbali hadi ukingo. Yakikaribia sentimita 3, punguza maji na ushushe alama.
4. Washa tena. Maji yarudi kwenye alama bila mtu kugusa kitu. Rudia mara tatu. Mfumo unaofanya vizuri mara moja na kushindwa mara ya pili una hewa iliyonaswa bombani.
5. Ziba bomba kuu la kushusha kwa mkono, pampu ikiwaka. Bomba la dharura lichukue maji yote bila tangi la juu kufurika.

Hatua ya tano inadai uwe na bomba la dharura, nawe unapaswa kuwa nalo. Mpangilio unaotulia zaidi ni wa mabomba mawili ya kushusha: moja lililozama, lenye koki ya kuzungusha polepole, linalojaa maji bila hewa na hivyo halina kelele, la pili limesimama juu yake kidogo, halina koki, na hukaa karibu kavu siku zote. Kamwe usiweke koki kwenye la dharura. Bomba moja la milimita 25 lenye hewa ndani hubeba lita 1,100 hadi 1,300 kwa saa kwa utulivu. Ukilidai zaidi, linaanza kuguguta na kuvuta hewa kwa mapigo.

Tangi lisilotobolewa hutumia sanduku la kuning'iniza linalovuta maji kwa saifoni, yaani bomba lililojaa maji linalopita juu ya ukingo. Hapo hatari iko upande mwingine: saifoni ikikatika, pampu inaendelea kupandisha maji. Weka chumba cha pampu kiwe kidogo kiasi kwamba maji yaliyomo juu ya mdomo wa pampu yaweze kuingia tangi la juu bila kumwagika. Chumba cha sentimita 30 kwa 25 chenye maji sentimita 10 juu ya mdomo kina lita 7.5, ambazo huinua tangi letu sentimita 1.5. Kama una nafasi ya sentimita 3 juu, hakuna tone litakalofika sakafuni. Kama bado hujanunua tangi, chukua lililotobolewa.

Pampu ya kurudisha

Mzunguko wa mara 3 hadi 5 ya ujazo kwa saa unatosha kupitia sampu. Kuongeza hadi mara 10 hakuchuji zaidi. Huleta kelele, viputo vidogo ndani ya tangi la juu, na joto. Mkondo ambao matumbawe yanautaka, mara 10 hadi 20 kwa yaliyo laini na 20 hadi 40 kwa magumu ya vitawi, utoke kwa pampu za mkondo zilizobandikwa kioo. Hizo si vichujio, lakini ndizo zinazoinua uchafu kutoka nyuma ya mawe ili ufike kwenye kichujio. Bila hizo, skima bora hubaki bila kazi.

Namba iliyo kwenye sanduku la pampu ni ya kimo cha sifuri. Pima kutoka uso wa maji ya sampu hadi mdomo wa juu, tuseme sentimita 130, ongeza sentimita 30 kwa kila elbo (kona ya bomba) ya nyuzi 90. Elbo mbili zinafikisha sentimita 190. Angalia mchoro wa pampu unaoonyesha mtiririko kwa kila kimo, utafute inayotoa lita 800 hadi 1,000 kwa saa kwenye mita 1.9. Mara nyingi itakuwa imeandikwa lita 2,000 hadi 2,500. Pampu za DC hurekebishwa kasi na ni tulivu. Za AC, zinazotumia umeme wa ukutani moja kwa moja, hazina kidhibiti cha kuharibika. Kwa mtu ambaye umeme wake hupanda na kushuka, ya AC iliyo nzuri, na rota ya akiba drooni, ndiyo chaguo langu.

Soksi, pamba na kopo

Soksi ya kuchujia ya maikroni 200 hukaa pale maji yanaposhukia kwenye sampu. Hunasa chembe vizuri sana, na kwa sababu hiyohiyo huziba. Ibadilishe kila baada ya siku tatu au nne. Ikikaa wiki mbili, inakuwa kiwanda cha nitrati, na maji hupita juu ya mdomo wake bila kuchujwa. Nunua angalau sita ili uzifue kwa pamoja: zigeuze ndani nje, zipige maji ya kasi, ziloweke kwenye maji yenye dawa kidogo ya kung'arisha nguo, suuza sana, anika hadi harufu iishe. Sabuni na kilainisha nguo visiguse. Kama unajua hutazibadilisha, usiziweke kabisa. Acha chembe zifike kwenye skima na kutua kwenye chumba kimoja utakachokinyonya kwa mpira kila ukibadilisha maji. Kuna mashine inayovuta pamba mpya kutoka kwenye roli kila maji yanapopanda; inafaa kwa mtu anayesafiri, ila roli huisha, kwa hiyo weka moja ya ziada.

Kichujio cha kopo kilichofungwa chini ya tangi hufanya kazi kwenye matangi ya samaki watupu, kwa sharti lifunguliwe kila wiki mbili. Liweke sponji, pamba na kaboni tu, uachie mawe kazi ya bakteria. Hatari yake ipo umeme unapokatika: maji yaliyofungiwa ndani huishiwa oksijeni, bakteria hufa, na umeme ukirudi kopo hutema uozo wote tangini. Likizimika zaidi ya saa moja au mbili, lifungue na kumwaga maji yake kabla ya kuliwasha.

Kaboni, fosfati, mwani na taa ya UV

Kaboni amilifu huondoa rangi ya manjano, harufu, na kemikali ambazo matumbawe laini hurushiana. Mililita 60 hadi 100 kwa kila lita 100 za maji, badilisha baada ya wiki tatu au nne. Isuuze hadi maji yatoke bila vumbi jeusi, na iweke mahali maji yanapolazimika kupita katikati yake; mfuko unaoelea pembeni hufanya kidogo sana. Itoe kabla ya kutumia dawa ya samaki, maana huinyonya.

Chembechembe za oksidi ya chuma huondoa fosfati, na huharibu zaidi ya zinavyosaidia zikitumiwa kwa pupa. Anza na nusu ya kipimo cha pakiti, pima kila siku mbili. Fosfati ikianguka ghafla, tishu za matumbawe magumu huachia mfupa kutoka chini. Fosfati na nitrati zote zikifika sifuri, hufungua mlango kwa dinoflajelati, utando wa kahawia wenye viputo ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wowote. Kama fosfati yako ni 0.08, huhitaji kifaa hiki.

Chumba cha mwani ndani ya sampu ni njia ya upole zaidi. Weka mwani aina ya Chaetomorpha, uwashie taa usiku wakati ya juu imezimwa, ili pH isishuke sana gizani. Mwani unaondoa virutubisho majini pale tu unapouvuna: ukijaa, vuna theluthi au nusu. Usiweke Caulerpa, mwani wa aina nyingine, bila kujua tabia yake; hufikia wakati wa kuzaa na kuyeyuka wote kwa usiku mmoja, ukirudisha majini kila ulichokuwa umekinyonya.

Taa ya UV huua mwani unaoelea na vimelea vilivyo majini wakati huo. Haiponyi samaki aliyekwisha kushikwa na vimelea. Huja mwisho, na ikija, pitisha maji polepole kadiri mtengenezaji alivyoagiza, ubadilishe balbu kila mwaka hata kama bado inawaka.

Maji unayoingiza

Kichujio cha kwanza kiko kabla ya tangi. Maji ya bomba yanaweza kuja na klorini, nitrati, fosfati, silika na shaba, na hakuna skima itakayokuokoa na shaba kwa kamba na konokono. Kifaa cha RO chenye hatua nne kinatosha: kichujio cha matope cha maikroni 5, kaboni, utando wa RO, na resini inayonasa madini yaliyobaki. Mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka majini, mwishoni isome 0. Ikianza kusoma 1 au 2, badilisha resini. Maji yanayovukiza huacha chumvi nyuma, kwa hiyo yafidie kwa maji haya matupu, yasiyo na chumvi, kila siku au kwa boya la kujaza lenyewe. Lenga kiwango cha chumvi cha 35 kwa elfu, yaani uzito mahususi wa 1.026 hivi, ukipime kwa rifraktomita, chombo cha kupima chumvi, iliyosahihishwa kwa kimiminika cha 35, siyo kwa maji matupu pekee.

Kufunga na kuwasha

Tumia PVC, silikoni na plastiki kila mahali maji yanapogusa. Usiweke shaba nyeupe, na hata kibano cha chuma kisichoshika kutu hushika kutu hapa. Tumia vya plastiki. Kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme, na soketi zote ziwe nyuma ya kikata umeme kinachojizima umeme unapovuja. Funga yunioni, viungio vya bomba vinavyofunguka kwa mkono, pande zote mbili za kila pampu. Bila hizo, siku ya kusafisha pampu utakata bomba kwa msumeno.

Skima iwashwe baada ya bakteria kukaa, au siku samaki wa kwanza anapoingia. Kabla ya hapo haina chakula. Soksi na kaboni zingoje siku hiyohiyo. Weka kabatini rota moja ya akiba kwa kila pampu, pete za mpira za vifuniko, na pampu ya hewa ya betri yenye jiwe lake. Umeme ukikatika, iwashe kwanza kabla ya kushughulikia kitu kingine, na usitishe kulisha samaki hadi mfumo urudi.